Daftari la Mtoto wa Karanga

Shule tunamofundisha imejengwa kando ya barabara kubwa itokayo Lubumbashi kwenda Kasumbalesa, penye mpaka wa Zambia. Toka mjini hadi mpakani ni kilometa 90 hivi, na usiku na mchana kamyo hazikomi kupita. Ziendazo mpakani zimebeba shaba na kobalti za Katanga, kuzipeleka kwenye bandari za mbali, Dar es Salaam kwa upande mmoja na Durban kwa upande mwingine. Zirudizo huleta unga, mafuta, saruji na mashine. Sisi tuko karibu na mpaka kuliko na mji. Basi kuna siku ambapo mstari wa kamyo zinazongoja huwa mrefu mno, hata mkia wake hufika mbele ya uwanja wetu wa mpira, na mashofere hushuka, hupika chakula chao chini ya tela, na kulala pale siku mbili au tatu.

Wavulana wa shule wana mchezo wao wa barabarani. Wawili huketi juu ya jiwe, wakitazama upande ule ambako kilima kinaificha njia. Gari linapotokeza juu ya kilima, yule atajaye kwanza jina lake amepata alama moja. Si kwa rangi, maana rangi zinafanana; si kwa kusoma jina, maana kwa mbali vile hakuna awezaye kulisoma. Wanaangalia umbo la ile chapa ya chuma iliyo katikati ya uso wa gari: nyota, mviringo, mshale, simba. Na ajabu yake ni kwamba katika mchezo huo watoto wasiojua kusoma huwashinda mara nyingi wale wajuao.

Mchezo huo hatukuupenda. Sisi tulilelewa seminarini, na huko tulizoezwa kuyatawala macho yetu, kutotazama kila kipitacho. Tulipoacha seminari baada ya masomo ya filosofia na kupewa kazi ya ualimu, tuliacha kanzu, lakini ukali wa seminari tulitoka nao. Kila mtoto aliyegeuza uso dirishani wakati wa somo tulimhesabu kuwa mvivu, na kumbe mvivu na mtoto mwenye mawazo hufanana sana wanapotazamwa kutoka mezani pa mwalimu.

Katika darasa la mwaka wa tatu alikuwapo mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, mrefu kuliko wenzake wote, maana alianza shule akiwa amechelewa. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake aliuza karanga za kukaanga, na mtoto ndiye aliyezichukua barabarani jioni kwa mashofere. Kusoma alikuwa hajui. Tangu mwaka wa kwanza alipandishwa darasa kwa huruma tu, akifika mbele ya ubao anasema maneno aliyoyashika kwa sikio, wala si yaliyoandikwa. Katekisimu aliijua yote kwa moyo, swali kwa jawabu. Lakini ukimwonyesha neno moja kwa kidole ananyamaza.

Siku moja, katika saa ya imla, tulimkuta ameinama juu ya daftari dogo lililochakaa, anachora. Tukalinyang'anya. Kila ukurasa ulikuwa na chapa moja ya gari iliyochorwa vizuri sana: hapa nyota ya miale mitatu, hapa kichwa cha ndege mwenye taji, hapa mviringo wenye mshale. Chini ya kila chapa palikuwa na vijistari na viduara, vingine vimekatwa kwa msalaba. Tulidhani ni alama za mchezo ule wa jiwe. Tuliwaonyesha watoto wote, tukasema maneno ambayo hatuyaandiki hapa, tukalichana daftari vipande vinne na kulitupa katika shimo la takataka. Watoto walicheka. Yeye hakulia. Alitazama mikono yetu tu mpaka vipande vyote vilipokwisha anguka. Jioni wale wa zamu ya usafi waliwasha moto shimoni kama kawaida.

Kesho yake, kabla ya kengele, mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Hakuja kwa ugomvi. Alikuwa amevaa kitenge cha Dominika.

“Bwana Mwalimu,” alisema, “sijasoma, nami sijui mambo ya shule. Nimekuja kuuliza tu kama daftari la madeni linaweza kupatikana.”

Ndipo tukafahamu. Mashofere hupita kila baada ya wiki mbili au tatu. Mara nyingi hawana faranga ndogo, au wamekwisha maliza fedha za safari, nao husema: nitalipa nikirudi. Mama hawezi kuandika, na mtoto hawezi kuandika. Basi mtoto akajitengenezea maandishi yake mwenyewe. Chapa ya kamyo ndiyo jina la mdeni. Kwa kuwa kamyo zenye chapa moja ni nyingi, aliongeza kando alama nyingine: taa iliyovunjika, mstari wa rangi ya buluu, shofere mwenye ndevu. Kijistari kimoja ni kikombe kimoja cha karanga, faranga 500. Kiduara kimoja ni chupa ya maji, faranga 1,000. Kilichokatwa kwa msalaba kimelipwa. Sisi tuliyekuwa tunasikitika kwamba hajui kuandika tulikuwa tumechoma kitabu chake cha hesabu.

Jumamosi ile tulikwenda kuungama. Padri hawezi kusema yaliyosemwa katika kitubio, lakini muungamaji anaweza, nasi tutasema. Alitusikiliza, akanyamaza kidogo, akasema: “Hasira yako nitakuondolea. Lakini mali ya mjane hairudi kwa Salamu Maria tatu. Nenda kwanza ukaulize ni kiasi gani.”

Tukaenda. Tukamwambia yule mama kwamba tuko tayari kumlipa, ataje mwenyewe hesabu. Tukamwonyesha na noti tulizokuja nazo katika bahasha, nusu ya mshahara wa mwezi, na mwalimu wa shule ya msingi ajua nusu hiyo maana yake ni nini nyumbani. Akatazama bahasha wala hakuipokea.

“Bwana Mwalimu, hii ni sadaka. Mimi siombi sadaka, nauza karanga. Lile lililochanwa lilikuwa hesabu. Nirudishieni hesabu.”

Hivyo ndivyo tulivyopata kuketi kando ya barabara, Jumamosi baada ya Jumamosi, karibu miezi miwili, juu ya jiwe lilelile la mchezo, pamoja na mtoto na beseni lake la karanga. Mtoto alisema kwamba ya daftarini anayakumbuka yote, lakini ni sharti aione kamyo yenyewe ndipo hesabu yake imrudie kichwani. Basi tulingoja kamyo.

Saa ya kwanza tulitaka kumwonyesha kwamba na sisi tunaweza. Kamyo moja ilitokeza kilimani. Tukakaza macho ili tusome jina. Kabla hatujaona herufi hata moja alisema kwa sauti ndogo: “Mshale wa pete.” Ilikuwa Volvo. Akatueleza kwamba Volvo hujulikana kwa ule mstari uliolala mshazari kukata uso wake toka juu hadi chini, nao unaonekana mbali sana kuliko mviringo na mshale ulio katikati. Ya nyota ya miale mitatu, yaani Mercedes, alisema kwamba mtu asiiamini nyota peke yake, kwa kuwa wako wanaoinunua sokoni na kuibandika juu ya gari la namna nyingine. Yampasa atazame na taa. Ndege mwenye taji, ambaye ni Scania, alimwita “jogoo wa mfalme”. MAN ni “simba mdogo”, maana simba wake ni mwembamba na amekaa juu ya herufi. Fuso ya Wajapani, yenye vipande vitatu vya pembenne vilivyogusana kwenye ncha, aliiita “mbegu tatu”. Na giza lilipoanza kuingia, sisi tusiweze kusoma kitu tena, yeye aliendelea kutaja majina.

Wasomaji wapenzi, tuliona haya kidogo, lakini pia tuliona furaha ambayo hatukuitazamia, na sababu yake ni Kilatini. Miaka sita ya seminari ndogo tulikitolea jasho Kilatini, na tangu tulipotoka hakuna aliyetuuliza hata neno moja. Sasa tumeketi kwenye vumbi la Kasumbalesa na Kilatini kinapita mbele yetu kwa magurudumu kumi na manane! Volvo ni Kilatini: maana yake “nabingirika”. Tulipomwambia mtoto, aliuliza: “Basi kamyo inasema yenyewe?” Ndiyo, inasema yenyewe. Motokaa ya kwanza ya jina hilo ilitoka kiwandani Göteborg, katika nchi ya Uswidi, mwaka 1927. Na ule mviringo wenye mshale ni alama ya zamani ya chuma, waliyoitumia wataalamu wa madini, ambayo ni alama ya sayari ya Mars pia. Watu wa Katanga, nchi ya madini, wanapitishiwa kila siku alama ya chuma wasiijue.

Scania nayo ni Kilatini, jina la jimbo la kusini mwa Uswidi ambalo wenyeji huliita Skåne. Kiwanda kilianza huko mjini Malmö mwaka 1900. Yule si jogoo. Ni grifo, mnyama wa hadithi, nusu tai na nusu simba, naye ndiye aliye katika nembo ya jimbo lile, pamoja na taji lake. Mtoto alikubali habari ya nusu simba, lakini aliendelea kusema jogoo, na sisi leo twasema jogoo.

Tamu kuliko zote ni habari ya Audi, ingawa gari hilo ni nadra kupita kwetu. Mjerumani mmoja, August Horch, aliunda motokaa zenye jina lake. Mwaka 1909 alikosana na wenzake, akatoka, akaanzisha kiwanda kingine. Lakini jina la Horch lilikwisha kuwa mali ya wale wa kwanza, naye hakuruhusiwa kulitumia tena. Wakakutana nyumbani mwa rafiki kutafuta jina, na mtoto wa mwenye nyumba alikuwa pembeni anasoma somo lake la Kilatini. Katika Kijerumani “horch” ni “sikiliza”. Mtoto akasema: kwa nini lisigeuzwe kwa Kilatini? “Audi”, yaani “sikia”. Zile pete nne zilizoshikana zilikuja baadaye, mwaka 1932, viwanda vinne vilipoungana kuwa kimoja: Audi, DKW, Horch na Wanderer. Hivyo jina alilofukuzwa nalo na jina alilopewa na mwanafunzi yalikutana katika mnyororo mmoja. Habari hiyo tuliisimulia mara tatu, kwa ombi la msikilizaji, aliyependa hasa kwamba watu wazima walikosa neno na mwanafunzi akalipata.

Fiat, kwa haki, si neno la Kilatini, bali ni herufi nne za mwanzo wa maneno ya Kiitaliano, maana yake kiwanda cha Italia cha motokaa cha Torino, kilichoanzishwa mwaka 1899. Lakini nani aliyetumikia misa ya Kilatini, au aliyefundishwa Baba Yetu katika lugha hiyo, aweza kuliona neno “fiat” asikumbuke Nazareti na jawabu la Bikira Maria? Na Mercedes je? Hilo ni jina la msichana, Mercédès, binti wa Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyeuza motokaa za Daimler na kuzipa jina la mwanawe. Jina hilo liliandikishwa mwaka 1902. Lakini Wahispania waliwaita binti zao hivyo kwa heshima ya Bikira Maria wa Huruma, msimamizi wa shirika lililoanzishwa Barcelona mwaka 1218 na Mtakatifu Petro Nolasco kwa ajili ya kuwakomboa mateka. Nyota ya miale mitatu iliandikishwa mwaka 1909, nayo yaonyesha injini za nchi kavu, za majini na za angani.

Lakini turudi kwenye karanga.

Kamyo ziliposimama tulikwenda pamoja, mtoto mbele na sisi nyuma yake. Mashofere wengi walilipa bila maneno. Mmoja, mzee wa Tanzania mwenye Volvo ya mstari wa buluu, alimfundisha mtoto salamu ya kwao, naye alipomwona tu aliitika kabla: “Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nakutafuta.” Mtoto akasema vikombe sita na maji mawili. Mzee akafungua kikasha mbele ya kiti, akatoa kipande cha boksi, na juu yake palikuwa na vijistari. “Saba,” akasema. “Saba na maji mawili.” Akalipa faranga 5,500. Kumbe na yeye alikuwa na maandishi yake.

Mwingine, wa nyota, alituacha tueleze yote, kisha akauliza: “Imeandikwa wapi?”

Mtoto alitugeukia. Hakusema neno.

Tukajibu: “Iliandikwa. Sisi ndio tuliyeichana.”

Shofere akacheka. “Basi mdai mwalimu wako,” akamwambia mtoto, na kupandisha kioo. Neno lile halikuwa la haki kwa upande wake, maana karanga alikula yeye. Lakini kwa upande wetu lilikuwa la haki kabisa, nasi tulisimama pale na chaki mfukoni, tukitazama nyota yake ikiondoka.

Mwisho wa miezi miwili hesabu ilikuwa hivi. Kamyo alizozikumbuka mtoto zilikuwa 19, na madeni yote pamoja faranga 58,500. Kumi na mbili zililipa, jumla 39,000. Watatu walikana. Nne hatukuziona tena. Zilizobaki faranga 19,500 tulizipeleka wenyewe kwa mama, kwa mafungu mawili, pamoja na karatasi iliyoonyesha kila chapa na deni lake. Safari hii alizipokea. Alizihesabu mbele yetu, mara mbili.

Baada ya hayo tungeweza kurudi kwenye imla kama zamani. Lakini tulikuwa tumekwisha kuona jambo ambalo mwalimu hawezi kulisahau: mtoto tuliyemwita mjinga wa herufi alikuwa anasoma tangu siku nyingi. Kusoma ni nini kama si kutazama umbo na kujua jina? Hata herufi zenyewe zilianza hivyo. Herufi A kwa watu wa kale wa Mashariki ilikuwa kichwa cha ng'ombe na pembe zake, na ilipopinduliwa pembe zikawa miguu. Tuliichora ubaoni, kwanza ng'ombe, kisha A. Darasa zima likaguna.

Basi kila Ijumaa, nusu saa ya mwisho, tulichora chapa moja na kuandika jina lake chini. SCANIA: humo tukatoa NIA, tukatoa SANA. TOYOTA: tukatoa TOA, tukatoa TOTO. Habari za chapa tulizitafuta katika vitabu vya kale vya Mapadri vilivyobaki katika maktaba ya misioni, na kwa fundi mmoja wa motokaa ambaye ni mwimbaji wa kwaya. Watoto walijifunza kwamba simba wa Peugeot ni wa zamani kuliko motokaa: aliandikishwa mwaka 1858, kuwa alama ya misumeno, kwa sababu meno yake makali, mwili wake wa kujipinda na mbio zake vilifanana na msumeno mzuri. Walijifunza kwamba zile pembe mbili za Citroën ni meno ya gurudumu la mashine, maana André Citroën alikuwa fundi wa magurudumu hayo kabla ya kuanza motokaa mwaka 1919. Na kwamba magari yenye chapa hiyo, yenye minyororo nyuma mahali pa matairi, yaliivuka Afrika toka Algeria mwaka 1924 na 1925, yakapita Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Wakajua kwamba Mitsubishi maana yake ni “hishi” tatu, na hishi ni mmea wa majini wenye jani la pembenne. Mtoto wa karanga aliposema “mbegu tatu” hakuwa mbali hata kidogo.

Ya Toyota yaliwashangaza, kwa kuwa waliidhani ya milele. Mviringo wake wenye miviringo miwili ndani uliwekwa mwaka 1989 tu. Jina lenyewe lilikuwa Toyoda, jina la ukoo, wenye viwanda vya mashine za kufumia nguo. Mwaka 1936 likawa Toyota, ambalo kwa maandishi ya Kijapani lina mikato minane, hesabu wanayoiona ya heri. Kuhusu BMW tuliwaambia ukweli ambao hata watu wazima hubisha: ile si feni ya ndege. Ni rangi za Bavaria, buluu na nyeupe. Habari ya feni ilizaliwa na picha ya tangazo mwaka 1929, na watu wakaipenda kuliko ukweli.

Siku ya Subaru tuliacha kitabu tukatoka nje, maana ilikuwa jioni. Nyota zile sita za chapa ni kundi la nyota ambalo Wajapani huliita Subaru, na Waswahili huliita Kilimia, kwa sababu wakulima waliliangalia ili wajue majira ya kulima. Kitabu cha Yobu kinalitaja. Kampuni ilichagua jina hilo kwa kuwa ilitokana na viwanda vitano vilivyounganishwa kuwa kimoja mwaka 1953. Gari la kwanza lilifuata mwaka 1954. Tuliwaonyesha watoto Kilimia penyewe, juu ya barabara. Mtoto wa kike wa mwaka wa pili alihesabu sita, mwingine akaapa kwamba anaona saba, na tukawaacha wabishane.

Direkta hakufurahi mara moja. Aliuliza kama shule imekuwa gereji. Tukamjibu kwamba Wakristu wa kwanza, katika siku za mateso, waliandika imani yao kwa umbo la samaki, kwa kuwa herufi za neno “samaki” katika Kigiriki ni mwanzo wa maneno Yezu Kristu, Mwana wa Mungu, Mwokozi. Na aliyechora samaki mavumbini aliweza kujulikana na ndugu yake pasipo neno. Akasema hayo ni mengine. Labda. Lakini mwisho wa mwaka alimsikia mtoto yule akisoma ukurasa mzima wa kitabu cha masomo, polepole, kidole kikifuata mstari, wala hakutaja tena gereji.

Sasa yuko mwaka wa tano. Daftari lake ni jipya, la jalada gumu. Tulimnunulia sisi, na hilo mama yake alikubali liwe zawadi. Huandika kwa kalamu ya buluu: jina la shofere, jina la kamyo, tarehe, hesabu. Lakini bado huchora kwanza chapa, pembeni kushoto, ndogo na safi. Tulipomwuliza ya nini, na jina analo, alisema mama hujua kusoma chapa.

Kabla ya likizo kubwa alituletea daftari ili tulikague. Hesabu zilikuwa sawa zote. Katika ukurasa wa mwisho tulikuta chapa tusiyoijua: kijiti kifupi chenye vumbi kuzunguka ncha yake. Mbele yake vikombe vinne, faranga 2,000, tarehe za zile Jumamosi za jiwe, na hapakuwa na msalaba.

“Hii ni kamyo gani?” tuliuliza.

“Si kamyo, Mwalimu,” alijibu. “Ni chaki.”

Tukakumbuka kwamba tulipokuwa tukingoja, mkono wetu uliingia beseni mara nyingi. Tukalipa, naye akakata msalaba mbele yetu.